Mwaka wa Kindi Kumi na Mmoja

Bhoke alinipigia simu kutoka Nyamongo asubuhi moja kuniambia kwamba mama yake amefariki. Tulilia kidogo, kila mtu upande wake wa simu, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Shangazi, hapa msibani wazee wanasema eti mama aliwahi kulea kindi wa sinema. Ni kweli, au ni maneno ya kupitisha muda?" Nikamwambia ni kweli, nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu Mugumu, na wajukuu wangu walikuwa wamepunguza sauti ya televisheni kwa heshima ya msiba lakini hawakuizima, na kwenye kioo kulikuwa na kindi wa kuchorwa anayefukuzana na karanga moja tangu mwanzo wa katuni mpaka mwisho. Nimeona wengi wa aina hiyo. Anaanguka kutoka juu ya mlima, anabanwa na mlango mpaka anakuwa bapa kama chapati, anajikung'uta, anaendelea. Hao hawanisumbui. Wanaonisumbua ni kindi wa kweli, wale wanaopigwa picha porini, wakapewa jina na sauti ya mtu wa kueleza wanachowaza. Hao siwezi kuwatazama kama watu wengine. Natazama sikio, natazama mkia, namwambia mjukuu, "Huyo siyo yule wa mwanzo, wamembadilisha." Wananiona bibi wa kuharibu raha.

Ulikuwa mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba zetu mpya zilipangwa kwa mistari, nyingi zikiwa na kuta kabla hazijapata paa, na mtu aliyezoea kumwona jirani yake kwa kupanda kilima sasa alimsikia akikohoa. Mahame yetu, yaani miji tuliyoiacha, yalikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, upande wa kuelekea Robanda. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na Kiingereza changu nilikuwa nimekiokota kwa masista wa hospitali ya misheni nilikofagia wodi miaka miwili. Kilikuwa Kiingereza cha kuagizwa: leta, weka, ngoja, usiguse. Kila jioni ya saa kumi watu wazima walikaa kwenye chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji, magoti yakigusa ubao wa madawati, wakiandika *baba analima*. Mama Gati alikuwa mmoja wao. Alikuwa na kama miaka thelathini, mrefu, mwenye tabia ya kutazama kitu kwa muda kabla ya kukizungumzia. Gati aliyempa jina hilo alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikufa kwa surua kabla hatujahama, akazikwa nyuma ya nyumba yao ya zamani. Bhoke alikuwa bado yuko mgongoni.

Kwetu kindi hakuwa mnyama wa kuchekesha. Kindi tuliokuwa nao ni wale wa ardhini, rangi ya vumbi, wanaochimba mashimo na kusimama kwa miguu miwili kama mtu anayesubiri kuitwa. Ukipanda mahindi leo, kesho anapita mstari mzima akifukua mbegu moja moja, tena kwa mpangilio kuliko wewe uliyepanda. Shamba letu la bega kwa bega, lile tulilolima kijiji kizima, lilipandwa mara tatu msimu ule kwa sababu yao. Mama Gati ndiye aliyewekwa kuwatega, maana alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Alitumia tenga, kijiti na punje za mahindi ya kuchemsha, na hakukosa.

Kiangazi kilipoingia, wageni wawili walikuja na Landrova iliyojaa masanduku ya bati, mtu na mkewe, wakiwa na barua yenye mhuri. Mwenyekiti wetu, Mzee Makuru, aliisoma mara mbili akanipa.

"Mwalimu, hebu soma hapa. Wameandika kindi, au ni macho yangu?"

"Shikamoo, Mzee. Ni kindi."

"Siyo simba?"

"Kindi. Wanataka kutengeneza sinema ya kindi."

Akawatazama wale wageni kwa huruma kidogo. "Waambie wawachukue wote. Waende nao kwao, wasibakize hata mmoja." Watu waliokuwa mlangoni wakacheka, na mgeni naye akacheka bila kujua anacheka nini. Kuanzia siku hiyo akaitwa Bwana Kindi. Mkewe tulimwita Mama Lena, ingawa hakuwa na mtoto.

Walituajiri wawili, Mama Gati kwa sababu ya tenga lake, na mimi kwa sababu ya Kiingereza changu. Tulipewa stoo ya ofisi, chumba chenye dirisha moja, harufu ya mbolea na magunia. Humo tulipanga vizimba vya waya, na ndani ya wiki mbili Mama Gati alikuwa ameleta kindi kumi na mmoja. Sinema ilihitaji mmoja tu. Alishapewa jina, Tiko, na kisa chake kilikuwa kimeandikwa chote kwenye daftari kabla hajakamatwa: Tiko anazaliwa, Tiko anampoteza mama yake, Tiko anamtoroka nyoka, Tiko anapata makazi. Lakini kindi mmoja hawezi kufanya yote hayo. Wa kizimba cha pili alikuwa hodari wa kusimama wima. Wa tano aliruka. Wa saba alikuwa na sikio lililochanika, kwa hiyo alipigwa picha upande wa kushoto tu. Wa tisa alikuwa mzee na mvivu, akawa Tiko anayelala na pia akawa mama yake Tiko anayekufa. Anayetakiwa kukimbia alinyimwa chakula asubuhi, karanga ikawekwa mbali, mlango ukafunguliwa. Bwana Kindi alilala kifudifudi nyuma ya kamera mpaka shati lake likawa rangi ya udongo. Alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Angeweza kungoja kutwa nzima mnyama ageuze kichwa.

Mama Gati aliyashangaa haya kwa namna yake. "Kwa hiyo watu wa kwao," aliniuliza tukiwa tunabadilisha maji, "wakikaa kutazama, wataona mmoja?"

"Mmoja."

"Na yule mzee akifa, kesho yake analala usingizi."

"Ndiyo."

Akatazama kile kizimba cha tisa kwa muda. "Bahati yake," akasema.

Mahali walipopachagua pa kupigia picha palikuwa mahame ya Mama Gati mwenyewe. Hawakupachagua kwa ubaya. Zizi lilikuwa limeanguka na kindi walikuwa wamehamia kwenye udongo wake laini, wakachimba miji yao humo. Nyumba ilikuwa imebaki duara la nguzo fupi. Katikati yalikuwepo mafiga yake matatu, meusi, na jiwe la kusagia, na nyuma kidogo, chini ya kichaka cha mnyaa, lile rundo la mawe alilolala Gati. Tulikwenda huko kila siku kwa Landrova na vizimba vyetu. Siku ya kwanza Mama Gati alishuka, akazunguka kote, akang'oa jani moja moja lililoota katikati ya mawe ya mtoto, kisha akaja kufungua vizimba kama kawaida.

Chakula cha mchana tulipika pale pale, kwenye mafiga yake. Ugali wa mtama na muhogo, dagaa wa ziwani waliokaangwa na nyanya, mara nyingine maziwa mgando kutoka kijijini. Mama Lena alikula kwa mkono, akajifunza kumega tonge vizuri. Bwana Kindi alikula akiwa amesimama, macho yake yakipima jua. Walizungumza mbele yangu kwa lugha yao, lakini walipogombana walihamia Kiingereza, sijui kwa nini, na kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa cha kuagizwa nadhani walifikiri hakiwezi kusikiliza ugomvi. Siku moja nikamsikia mume akisema mahali hapa panampa shida, hapaonekani pori, panaonekana kama uwanja wa mtu aliyeondoka jana. Mke akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye sahani: "Mtu aliyeondoka jana ndiye aliyekupikia hicho chakula." Nami niliendelea kusugua sufuria kama sikusikia.

Kesho yake asubuhi aliniita. Alizungumza taratibu ili nielewe, na nilielewa kila neno. Alisema sinema hii ni ya watoto, inahusu dunia kabla ya binadamu kuiharibu, na mtazamaji akiona jiko au jiwe la kusagia atajiuliza watu wako wapi, na kisa kitavunjika. Kwa hiyo mawe yote yaondolewe, mafiga, la kusagia, na lile rundo la kichakani, mahali paonekane kama hapajawahi kukaliwa na mtu. Isipowezekana, wiki hii yeye na mkewe watahama, wakatafute sehemu nyingine mbali. Akaniomba nimweleze mama.

Mama Gati alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, Bhoke mgongoni, akingoja. Nikageuka. Mpaka leo najua nilichokuwa nafikiri, na hakikuwa kitu kikubwa. Mama Lena alikuwa ameniahidi barua ya kunisifu, ya kuipeleka chuo cha ualimu. Na nilikuwa na aibu kuyabeba maneno yale mdomoni mwangu nikamkabidhi mtu ambaye dakika hiyo hiyo nilikuwa nimekula jikoni kwake.

"Anasema," nikamwambia, "mawe yanarudisha jua kwenye kamera. Anaomba yasogezwe."

Mama Gati akanitazama. "Yote?"

"Yote."

"Mafiga nitayatoa. Jiwe la kusagia nitalibeba. Ya Gati hayaguswi. Mwambie."

Nikamgeukia Bwana Kindi. Nilijua nikimwambia ni kaburi atauliza maswali, na maswali yatarudi mpaka kwenye maneno niliyoyameza. "Anasema yale ya kichakani hayafai kuguswa," nikasema. "Chini yake kuna nyoka mkubwa."

Bwana Kindi akaruka hatua moja nyuma. "Basi yaache! Yaache!" Mama Gati akainama, akayabeba mafiga yake moja moja, bado yakiwa na joto la uji wa asubuhi, akayapanga nyuma ya Landrova kwa umakini kama anapanga mayai. Kuanzia siku ile tulikula chakula baridi.

Walimaliza kabla ya mvua. Kindi tuliwaachia pale pale kwenye zizi, wote kumi na mmoja, na mwezi uliofuata bila shaka walikuwa kwenye mahindi yetu. Nilipata barua yangu. Mvua zikanyesha, tukapanda, tukapalilia, paa langu likavuja likazibwa, na mwishoni mwa masika ile Landrova ikarudi na masanduku mengine. Walikuwa wameileta sinema. Bwana Kindi alisema hawezi kuionyesha kwao kabla hajawaonyesha walioifanya kazi, na nilimheshimu kwa hilo.

Ilionyeshwa mchana, ndani ya ghala la kijiji, madirisha yamezibwa kwa magunia na shuka mbili zimeshonwa pamoja ukutani. Watu walijaa mpaka juu ya magunia ya mtama. Kwanza Bwana Kindi akaweka mkanda mfupi wa katuni wa kuchangamsha. Kindi wa kuchorwa mwenye suruali alikuwa akiiba njugu za mbwa, akapigwa na ubao, akalipuka, akaangukiwa na mti. Watoto walicheka mpaka wakaishiwa pumzi. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa akihesabu kwa sauti, na mwisho akamgeukia mwenzake: "Amekufa mara sita na bado ana njaa."

Kisha ikaja ya Tiko. Mama Lena alikuwa amenipa karatasi zenye maneno ya sinema kwa Kiingereza siku mbili kabla, nami nikayatafsiri kwa Kiswahili kwenye daftari la kisomo. Nilikaa kando ya projekta, nikisoma kwa mwanga wake. Nilikuwa nimeshaliona fungu la katikati. Niliwaza kulibadilisha, na sikulibadilisha, kwa sababu mara hii niliogopa kudanganya zaidi ya nilivyoogopa kusema kweli, na sikujua ni lipi kati ya hayo mawili nililokuwa nalifanya.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Tiko alizaliwa. Mama Tiko, yule wa kizimba cha tisa, alikufa, na wanawake wawili wakasikitika kwa midomo. Kisha picha ikafunguka pana, kilima chote cha kwetu, nyasi, miti, anga, na kindi mdogo akikimbia kupanda kwenye rundo la mawe, akasimama wima. Nikasoma: "Hapa ni nchi ambayo mguu wa mtu haujawahi kuikanyaga. Na juu ya mawe haya, ambayo mkono wa mtu haujawahi kuyagusa..."

Nikaacha kusoma. Ile mashine ikaendelea kusaga. Kindi kule ukutani akajikuna sikio.

"Amesimama juu ya Gati," Mama Gati akasema. Hakupaza sauti. Alikuwa amekaa chini, mbele kabisa.

Mtu akasema, "Kweli. Pale ni kwa Mama Gati."

"Na ule mti nyuma ni wa kwa Marwa."

"Wa kwa Marwa uko kushoto. Ule ni wa kisima."

"Zizi lile! Tazama zizi!" Watu wakaanza kusimama, kivuli cha vichwa vyao kikapanda ukutani, wengine wakawavuta chini ili waone. Hakuna aliyemtazama kindi. Kila picha ilipobadilika walitazama nyuma yake, pembeni yake, wakaita miji kwa majina ya wenyewe. Mzee Makuru, ambaye mwaka mzima alikuwa ametukataza kuyataja mahame kwenye mikutano, alikuwa amesimama karibu na mlango akiwa ameshika fimbo yake. Nikamsikia akisema, kama anajisemea, "Huo mkuyu ni wangu."

Bwana Kindi aliniinamia. Alifikiri mashine imeharibika. "Wanasema nini? Mbona hawasikilizi?"

Nikamwambia. Kiingereza changu kilikuwa kile kile kidogo, lakini kilitosha. Wanasema hapo ni nyumbani kwao. Wanataja majina ya nyumba zao. Na lile rundo la mawe siyo la nyoka, ni kaburi la mtoto wa Mama Gati, na mimi ndiye niliyekudanganya. Uso wake sikuuona vizuri kwa ule mwanga. Aliweka mkono kwenye swichi azime, na hapo Mama Gati, ambaye hakujua Kiingereza lakini aliujua mkono, akainuka.

"Asizime," akaniambia. "Mwambie airudishe nyuma. Nataka kuona tena."

Kuirudisha mwanzo ilikuwa kazi ya dakika nyingi, na watu walingoja bila kutoka. Tuliitazama mara tatu. Mara ya pili na ya tatu sikusoma chochote, na Bwana Kindi hakuniomba nisome. Mama Lena alikuwa amekaa chini kwenye sakafu kati ya wanawake.

Baadaye waliandika barua kwamba lile fungu wamelitoa. Inawezekana. Sijawahi kuiona sinema ile tena, na miaka yote nikiwa Musoma au Mwanza niliwauliza watu wa maktaba, wakanitazama kama Mzee Makuru alivyowatazama wale wageni. Wiki ile nyumba kama kumi zilikwenda kusafisha makaburi yao, na Mwenyekiti hakuuliza wamekwenda wapi.

Asubuhi iliyofuata ile sinema nilimkuta Mama Gati akikoroga uji kwenye mafiga yale, sasa yakiwa nyuma ya nyumba mpya. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha. Hakuyangoja.

"Ule msemo wa jua kwenye kamera," akasema, "nilijua siku ile ile. Yeye alisema maneno mengi, wewe ukaniletea machache. Nikajua mengine umeyameza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema kwa lugha gani? Kinywa changu kilikuwa wewe." Akanimiminia uji, akakaa. "Sasa nipe yaliyobaki."

Nikampa yote, neno kwa neno, hata lile la kuharibu dunia. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema nimfundishe sentensi moja ya Kiingereza, moja tu, ya kumwambia mtu kwamba watu wanaishi hapa. Tulikaa nayo wiki nzima. Aliiandika kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake.

Nilipofika msibani Nyamongo nilimsimulia Bhoke haya, naye akanisimulia lake. Zamani kidogo, wakiwa wameshahamia huko, mgeni mmoja alikuja uani na kamba ya kupimia, na mama yake akatoka jikoni akaisema ile sentensi. Yule mgeni alishtuka, akakunja kamba, kesho yake akarudi na mkalimani, kijana nadhifu wa upande wa Sirari. Mama alimkalisha yule kijana, akampa chai, na kabla hajafungua mdomo akamwambia, "Mwanangu, mimi siogopi. Huyu akisema marefu, na wewe sema marefu."